Mwenyeheri Frédéric Ozanam na Udugu wa Wanafunzi wa Paris

Kila tarehe 9 Septemba, siku moja baada ya Sikukuu ya Kuzaliwa kwa Bikira Maria, Mama Kanisa anamkumbuka Mwenyeheri Frédéric Ozanam. Wanachama wa Mtakatifu Vinsenti wa Paulo tunawafahamu katika parokia zetu nyingi: ndio wanaobisha hodi kwa wagonjwa na wajane, ndio wanaojua ni jiko lipi halikuwashwa tangu jana. Pengine tumezoea kuwaona watu wazima, wengine wazee, tukadhani kwamba tangu mwanzo hiki kilikuwa chama cha wastaafu wenye nafasi. La hasha. Kilianzishwa na wanafunzi wa chuo kikuu, ambao hata mmoja wao hakuwa amefikisha miaka 25, katika mji ambao wasomi wake wengi waliamini kwamba Kanisa limekwisha kazi yake duniani. Tunapenda kuyasimulia maisha ya huyo kijana, hasa namna udugu ule wa wanafunzi ulivyozaliwa, na namna ulivyokaribia kubaki kundi dogo la marafiki wanaopendana wao kwa wao.

Frédéric alizaliwa mjini Milano, kaskazini mwa Italia, tarehe 23 Aprili 1813, wazazi wake wakiwa Wafaransa waliohamia huko kutafuta riziki. Baba yake, Jean-Antoine Ozanam, aliwahi kuwa askari katika jeshi la Napoleoni, kisha akawa daktari. Mama yake, Marie Nantas, alikuwa binti wa mfanyabiashara wa hariri wa Lyon. Mungu aliwajalia watoto 14, lakini mauti yaliwabishia hodi mara nyingi, hata waliobaki kuwazika wazazi wao wakawa wana watatu tu: Alphonse, aliyekuwa padre, Frédéric, na Charles, aliyefuata udaktari wa baba. Mwaka 1816 familia ilirudi Lyon, na huko ndiko Frédéric alikokulia.

Nyumba ile haikuwa ya matajiri, lakini maskini waliijua njia ya kuifikia. Sehemu kubwa ya wagonjwa aliowatibu Daktari Ozanam hawakumlipa kitu, na mke wake naye alikuwa katika kundi la akina mama waliowauguza maskini majumbani. Inasimuliwa kwamba walipoanza kuzeeka, kila mmoja alimsihi mwenzake asipande tena ngazi za maghorofa ya juu kabisa, walikoishi watu fukara zaidi, maana pumzi zilikuwa zimepungua. Wote wawili wakakubali. Siku moja wakakutana ana kwa ana juu kabisa ya ngazi za namna hiyo, kila mmoja akiwa ameivunja ahadi yake kwa siri. Mtoto aliyelelewa katika nyumba kama hiyo hahitaji mahubiri mengi juu ya amri ya mapendo.

Hata hivyo, imani ya Frédéric ilijaribiwa mapema. Akiwa na umri wa miaka kama 15, shuleni Lyon, mashaka yalimwingia na kumnyima usingizi. Aliyasikia maneno ya wasioamini, akatafuta majibu, na majibu hayakumtosheleza. Katika dhiki hiyo aliingia kanisani, akamwahidi Mungu kwamba akijaliwa kuiona kweli, maisha yake yote atayatoa kuitumikia. Mwenyezi Mungu alimtumia Padre Noirot, mwalimu wake wa falsafa, aliyekuwa na desturi ya kutembea na wanafunzi wake huku akiwauliza maswali badala ya kuwapa majibu. Padre huyo hakumkemea kijana kwa mashaka yake. Alitembea naye. Polepole mwanga ukarudi, na Frédéric hakuisahau ahadi yake kamwe. Tunawaomba walezi wa vijana waisome habari hii mara mbili.

Mnamo 1831 walifika Lyon wahubiri wa fikra mpya, wafuasi wa Saint-Simon, waliofundisha kwamba Ukristo ulikuwa mzuri kwa zama zake, ila sasa umechakaa, na kwamba jamii mpya ya viwanda inahitaji dini mpya. Frédéric, mwenye umri wa miaka 18, aliandika kitabu kidogo kuwajibu. Hebu tulikumbuke jambo hili, kwa sababu watu hao hao, au tuseme wenye fikra kama zao, ndio watakaomuuliza baadaye swali ambalo kitabu hakiwezi kulijibu.

Mwishoni mwa mwaka huo huo alikwenda Paris kusomea sheria, kama baba yake alivyotaka. Mwenyewe alipenda zaidi historia na fasihi, lakini alitii. Mji ulimwogopesha. Katika nyumba ya kwanza aliyopanga, wenzake wa mezani walizidhihaki siku za kufunga na mambo yote matakatifu. Ndipo alipokwenda kumsalimu mtu wa Lyon aliyekuwa mashuhuri Paris, mwanasayansi André-Marie Ampère, yule ambaye mafundi umeme hulitumia jina lake kila wanapopima ampea. Mzee huyo alimwonea huruma, akampa chumba nyumbani kwake. Inasimuliwa kwamba siku moja Frédéric, akiwa na moyo mzito, aliingia katika kanisa la Saint-Étienne-du-Mont, akamwona mzee amepiga magoti katika kona akisali rozari. Alipotazama vizuri, akamtambua kuwa ni Ampère. Kijana alitoka kanisani akiwa mtu mwingine. Kumbe mtu anaweza kuwa bingwa wa sayansi na bado akazishika punje za rozari bila kuona haya.

Chuo kikuu cha Sorbonne kilikuwa uwanja wa vita vya fikra. Walikuwapo wahadhiri walioishambulia imani waziwazi mbele ya wanafunzi. Frédéric na wenzake wachache Wakatoliki walianza kuwaandikia wahadhiri hao, mmoja wao akiwa mwanafalsafa Théodore Jouffroy, wakipinga kwa hoja na kwa adabu, na majibu yao yakasomwa mbele ya darasa zima. Polepole waumini waliojificha wakaanza kujitokeza, wakatambuana.

Vijana hao walipata mlezi, Emmanuel Bailly, mwalimu na mhariri wa gazeti, mtu mwenye mke na watoto aliyekuwa anakaribia miaka 40. Aliwapa ukumbi wa kukutania kwa midahalo ya historia na fasihi. Walikaribishwa watu wa imani zote na wasio na imani. Frédéric alikuwa hodari wa kusema. Aliandaa hoja zake kwa bidii, na mara nyingi wenzake walitoka mdahaloni wakijiona wameshinda.

Jioni moja, mmoja wa wapinzani wao hakubishana nao tena juu ya historia. Aliyakubali yote waliyosema juu ya mambo ambayo Ukristo uliutendea ulimwengu katika karne zilizopita. Kisha akauliza wao wenyewe, Wakatoliki wa Paris wa leo, wanawafanyia nini maskini wa Paris wa leo. Kazi zao ziko wapi?

Swali liliwakata maini. Ni mwaka mmoja tu uliokuwa umepita tangu kipindupindu cha 1832, kilichoua zaidi ya watu 18,000 katika mji ule, wengi wao wakiwa katika mitaa ya mafukara iliyokuwa umbali wa dakika chache tu kutoka vyuoni. Viwanda vilivuta watu kutoka mashambani, mishahara ilikuwa duni, watoto walifanya kazi, na familia nzima ililala katika chumba kimoja. Vijana hawa walipita kando ya mitaa hiyo kila siku wakiwahi masomo. Walikuwa wameijibu kila hoja, na hili hawakuwa na la kulijibu, kwa kuwa lilikuwa kweli. Wangeweza kukasirika na kumwita muulizaji adui wa Kanisa. Ndivyo wengi wetu tunavyofanya. Frédéric alitoka pale akiwa ameumia, na akiwa amekubali. Inasimuliwa kwamba usiku huo huo yeye na rafiki aliyeishi naye, Auguste Le Taillandier, walichukua kuni zao chache zilizobaki za kujipasha moto, wakampelekea maskini waliyemfahamu.

Jumanne jioni, tarehe 23 Aprili 1833, siku Frédéric alipotimiza miaka 20, wakakutana watu saba katika ofisi ya gazeti la Bailly, karibu na kanisa la Saint-Sulpice. Sita walikuwa wanafunzi: Frédéric Ozanam, Auguste Le Taillandier, Paul Lamache, François Lallier, Jules Devaux na Félix Clavé. Wa saba alikuwa Bailly mwenyewe, naye wakamfanya mwenyekiti. Walisali, wakasoma kipande cha kitabu cha Kumfuasa Kristo, wakazungumza, kisha wakapitisha kofia, kila mmoja akatia alichokuwa nacho. Devaux akawa mtunza fedha. Fedha zenyewe zilikuwa kidogo, sadaka ya wanafunzi. Udugu huo wakauita konferensi ya mapendo, kwa kuwa walikuwa wamezoea kuiita midahalo yao konferensi, na jina hilo limebaki hata leo kwa kila tawi la chama.

Walikuwa na nia, lakini hawakujua pa kuanzia. Ni rahisi kusema tutawasaidia maskini. Ni vigumu kujua mlango upi ubishwe, na useme nini ukifunguliwa. Bailly akawatuma kwa Sista Rosalie Rendu, mtawa wa Mabinti wa Upendo wa Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, aliyeishi katika mtaa wa Mouffetard, mmoja wa mitaa fukara kupita yote mjini. Wakati wa kipindupindu hakuondoka. Kila familia aliijua kwa majina. Sista Rosalie aliwapokea vijana hao, akawapa orodha ya familia za kutembelea, akawapa na hati za mkate mpaka watakapoweza kununua za kwao. Zaidi ya mkate, aliwapa malezi: kwamba maskini asihukumiwe upesi, kwamba asikilizwe kwa subira, kwamba anayeingia katika chumba cha fukara aingie kwa heshima kama anavyoingia kwa mkubwa. Kama Frédéric alikuwa na mwalimu wa falsafa katika Padre Noirot, basi mwalimu wake wa mapendo alikuwa mtawa huyu. Kanisa nalo limethibitisha ualimu wake, maana Papa Yohane Paulo II alimtangaza kuwa Mwenyeheri tarehe 9 Novemba 2003.

Utaratibu wao ulikuwa mwepesi kueleza. Kila mmoja alikabidhiwa familia, akaitembelea mwenyewe, nyumbani kwao, wala hakuiita ije kupanga foleni mahali fulani. Juma lililofuata alirudi kwa wenzake kueleza aliyoyaona. Msaada ulipelekwa mkono kwa mkono, ukiambatana na mazungumzo. Inasimuliwa kwamba familia ya kwanza aliyopewa Frédéric ilikuwa ya mama mwenye watoto watano, aliyefanya kazi mchana kutwa huku mume akiuchukua ujira wake na kuunywa. Frédéric, aliyekuwa mwanafunzi wa sheria, alichunguza akagundua kwamba ndoa yenyewe haikuwahi kufungwa kihalali, hivyo mama yule hakufungwa na kitu. Konferensi ikachanga nauli ya kumrudisha kwao Bretagne pamoja na watoto wake wadogo, na wavulana wakubwa wakatafutiwa kazi katika kiwanda cha uchapaji cha Bailly. Ndivyo elimu ya chuo ilivyoanza kupanda ngazi za maskini.

Jaribu lao la kwanza halikutoka kwa maadui. Baada ya majuma machache kijana wa nane, Gustave Colas de la Noue, aliomba kujiunga, na baadhi yao hawakutaka. Walihofu kwamba udugu wao, uliokuwa mtamu kwa sababu ulikuwa mdogo, utapoa. Wakajadiliana, wakamkubali. Akaja wa tisa na wa kumi; akaja Jean-Léon Le Prevost, ambaye baadaye angeanzisha shirika la kitawa, na ambaye ndiye aliyeshauri wajiweke chini ya ulinzi wa Mtakatifu Vinsenti wa Paulo. Wanafunzi wakawaita wanafunzi. Mwishoni mwa 1834 walikuwa wamezidi 100, hata chumba hakikuwatosha, wala muda wa kuzisikiliza habari za familia zote walizozitembelea.

Hapo Frédéric alitoa pendekezo ambalo, kwa maoni yetu, ni kubwa kuliko hata lile la kuanza: konferensi igawanywe. Kila sehemu iwe na mahali pake, familia zake na viongozi wake, huku zote zikibaki chama kimoja. Majadiliano ya Desemba 1834 yalikuwa makali. Waliopinga hawakuwa watu wabaya. Walikuwa marafiki zake wapenzi. Walisema wamekuja Paris wakiwa wapweke, katika konferensi wamepata ndugu, na sasa wanaambiwa waachane. Wengine walilia. Kikao kikaahirishwa, kikaitwa tena, na mpaka mkesha wa mwaka mpya jambo lilikuwa bado halijaisha. Usiku ule walikumbatiana, wakatakiana heri, bila kukubaliana. Ni mwanzoni mwa 1835 tu ndipo mgawanyo ulipofanyika, sehemu moja ikiwa upande wa Saint-Sulpice na nyingine upande wa Saint-Étienne-du-Mont.

Ye yote aliyewahi kuwa kiongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo anaijua hali hiyo. Jumuiya ikifikisha kaya nyingi mno, paroko anashauri igawanywe, na papo hapo wanaanza kusikika wanaosema kwamba wamezoeana, wamezikana, wamechangiana harusi, na sasa wanatenganishwa. Tusiwacheke. Kilio hicho kina upendo ndani yake. Lakini Frédéric aliona kwamba udugu unaojilinda wenyewe utawasahau wale ambao kwa ajili yao ulianzishwa. Nyumba za maskini zilikuwa nyingi, na chumba cha marafiki hakikuwatosha wote. Wakati ule ule konferensi nyingine ilikuwa inazaliwa Nîmes, kusini mwa Ufaransa, kwa juhudi za Léonce Curnier, rafiki aliyeandikiana naye barua. Mwaka 1835 Kanuni ya chama ikaandikwa, Lallier na Bailly wakiwa washika kalamu. Miaka kumi baadaye kulikuwa na konferensi Roma, Dublin, hata ng'ambo ya Atlantiki katika mji wa Saint Louis, Marekani. Leo chama kipo katika nchi takriban 150, na katika parokia nyingi za Afrika Mashariki. Kama wale waliolia wangeshinda, pengine tusingekuwa na habari hii ya kusimulia.

Katika miaka hiyo hiyo Frédéric na wenzake walimwendea Askofu Mkuu wa Paris, Hyacinthe de Quélen, wakimwomba mahubiri yatakayowafaa vijana wasomi. Matokeo yake yalikuwa mahubiri ya Kwaresima katika Kanisa Kuu la Notre-Dame, yaliyoanzwa na Padre Lacordaire mwaka 1835 mbele ya umati uliofurika.

Huzuni zilimfuata. Mwaka 1837 baba yake alianguka katika ngazi alipokwenda kumtibu mgonjwa maskini, akafariki. Zilikuwa ngazi kama zile alizokatazwa kupanda. Mama alimfuata mwaka 1839. Wakati huo Frédéric alikuwa na shahada mbili za udaktari, moja ya sheria, nyingine ya fasihi, kwa utafiti juu ya mshairi Dante. Kwa muda alifundisha sheria ya biashara Lyon, na katika masomo hayo aliwaeleza wanafunzi wake habari za ujira wa haki na za mfanyakazi kugeuzwa kuwa chombo, nusu karne kabla Papa Leo XIII hajatoa waraka wake juu ya hali ya wafanyakazi mwaka 1891. Kisha akashika nafasi ya kwanza katika mtihani mgumu wa taifa, akaitwa kufundisha fasihi za kigeni Sorbonne, chuo kile kile alichowahi kubishana na wahadhiri wake.

Kwa muda mrefu alijiuliza kama Mungu anamwita katika upadre. Mwishowe, tarehe 23 Juni 1841, alifunga ndoa na Amélie Soulacroix huko Lyon, kaka yake Padre Alphonse akiadhimisha Misa. Tangu siku hiyo, kila tarehe 23 ya mwezi, alimpa mke wake maua. Hakuacha hata mwezi mmoja, na wa mwisho aliyapokea kutoka kwa mume aliyekuwa kitandani akikaribia kufa. Binti yao wa pekee, Marie, alizaliwa mwaka 1845. Tunalitaja jambo la maua kwa makusudi, kwa sababu wapo wanaodhani kwamba mtu wa maskini lazima awe mgumu nyumbani mwake.

Uprofesa haukumtoa katika ngazi za maskini. Inasimuliwa kwamba asubuhi moja ya mwaka mpya alikumbuka familia iliyokuwa imeweka rehani kabati lake la nguo, kitu cha mwisho kilichobaki cha siku zao njema. Alitaka kulikomboa. Mke wake, kwa busara ya mama wa nyumba, alimpa sababu nzuri za kutofanya hivyo, naye akakubali. Jioni, alipoziona zawadi za mtoto wake zimetapakaa chumbani, hakuweza kula hata peremende. Amélie akamwambia aende. Alikwenda, akalikomboa kabati, akarudi na uso wa furaha.

Mwaka 1848 ulikuja na mapinduzi. Hata kabla hayajaanza, Frédéric alikuwa ameandika akiwasihi Wakatoliki waache kuegemea upande wa wenye nguvu na mali, wawaendee watu wa chini. Wengi walimkasirikia, wakiwamo marafiki. Mwezi Juni wafanyakazi wa Paris walijenga vizuizi barabarani na damu ikamwagika. Frédéric, akiwa katika Walinzi wa Taifa, alikwenda pamoja na wenzake wawili kwa Askofu Mkuu Denis Affre, wakamwomba awe mpatanishi. Askofu alikubali. Tarehe 25 Juni alikwenda kwenye vizuizi, akapigwa risasi, na siku mbili baadaye akafariki. Tunaweza kuwazia Frédéric alibeba mzigo gani moyoni tangu siku ile, yeye aliyekwenda kuomba. Hata hivyo hakuubadili msimamo wake. Aliendelea kuandika katika gazeti ambalo yeye, Padre Lacordaire na wenzao walikuwa wamelianzisha, akieleza kwamba chini ya ugomvi wa siasa lipo swali la watu wasio na kazi wala mkate, na kwamba risasi hazilijibu swali hilo.

Nguvu za mwili zilikuwa zinamwishia. Hakuwa amefika miaka 40, na tayari madaktari walimtaka aache kufundisha. Mwishoni mwa 1852 alikwenda Italia na familia yake kutafuta hewa ya baharini, wakakaa Pisa na kisha Antignano, karibu na Livorno. Mgonjwa huyo, badala ya kupumzika, alizitembelea konferensi za Toscana na kuanzisha nyingine. Jambo moja lilimkosesha raha. Mjini Siena kulikuwa na chuo cha vijana wa familia tajiri, na hapakuwa na konferensi. Mwezi Julai 1853, akiwa na nguvu chache tu za kusafiri, alikwenda huko kuonana na mkuu wa chuo, Padre Pendola. Alirudi Antignano bila ahadi ya uhakika. Akamwandikia barua, pengine kati ya barua ndefu za mwisho alizoandika, akimwomba asiwanyime vijana wale, matajiri hasa, nafasi ya kumwona maskini kwa macho yao. Haukupita muda, jibu likaja: konferensi mbili zimeanzishwa Siena, moja mjini na moja chuoni, miongoni mwa wanafunzi. Miaka 20 baada ya ile Jumanne ya Paris, alikuwa amerudi pale pale alipoanzia.

Mwishoni mwa Agosti ndugu zake walimsafirisha kwa meli, kwa kuwa alitaka kufia Ufaransa. Walifika Marseille, na safari ikaishia hapo. Padre aliyemhudumia alimsihi amtumaini Mungu asiogope, naye akashangaa ni kwa nini amwogope Bwana anayempenda hivyo. Alifariki jioni ya tarehe 8 Septemba 1853, akiwa na umri wa miaka 40. Amélie na Marie walikuwa pamoja naye.

Watu humwita mwanzilishi wa chama, na kwa kiasi fulani ni haki. Lakini yeye aliikataa heshima hiyo alipokuwa hai, akisisitiza kwamba walikuwa saba, na kwamba Bailly alikuwa kama baba yao. Tunaona vema kulieleza hilo, maana katika kumtukuza mmoja tusiwasahau wale sita. Papa Yohane Paulo II alimtangaza kuwa Mwenyeheri tarehe 22 Agosti 1997, wakati wa Siku ya Vijana Duniani iliyofanyika Paris, ndani ya Kanisa Kuu lile lile la Notre-Dame ambalo Frédéric aliliombea mahubiri kwa ajili ya wanafunzi. Muujiza uliothibitishwa ulikuwa wa kuponywa kwa mtoto mdogo wa Brazili mwaka 1926.

Kaburi lake liko Paris, chini ya kanisa la Saint-Joseph-des-Carmes. Kanisa hilo limepakana na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha mji huo, na vijana wenye mabegi ya vitabu hupita karibu yake asubuhi wakiwahi masomo.